Gari Limekwenda Kimbiji

Kocha Erasmus alikuwa anamalizia kuchora eneo la penalti kwa majivu, maana chokaa aliambiwa imekwisha, pale kamishna wa mchezo aliposhuka kwenye bodaboda na kuuliza gari la wagonjwa liko wapi. Hata salamu hakutoa.

"Shikamoo mzee. Linakuja."

"Marahaba. Nusu saa ikipita baada ya muda wa mechi kuanza, nawapa wageni pointi. Ndiyo kanuni, sijaitunga mie."

Erasmus aliijua. Timu mwenyeji ndiyo inayoleta gari la wagonjwa; likikosekana, wageni wanaondoka na pointi tatu na magoli matatu ya mezani. Na siku hiyo chuo hiki kidogo cha afya, huku Gongo la Mboto, kilihitaji sare tu kiingie nusu fainali ya ligi ya vyuo kwa mara ya kwanza tangu kianzishwe. Gari lenyewe si kwamba halipo. Lipo, jina la chuo ubavuni, king'ora juu. Wiki nzima kocha aliliomba, akajibiwa asiwe na wasiwasi, na asubuhi akakuta banda tupu.

Akampigia dereva, Suhaib.

"Uko wapi, braza?"

"Bado nipo Kimbiji, shambani kwa mkuu wa chuo. Kaniagiza alfajiri, ningemkatalia vipi? Nageuza sasa hivi, ila barabara ya huku unaijua mwenyewe."

Akampigia mkuu, Dokta Anselmo. Simu iliita mpaka ikachoka.

Timu zilishapasha misuli, zikapoa, zikapasha tena. Lusungu, nahodha, yuko mwaka wa mwisho. Hana ligi nyingine ya kusubiri. Akamfuata kamishna kivulini.

"Shikamoo mzee. Sie wote hapa tunasomea utabibu na uuguzi. Mtu akiumia tutamhudumia hapahapa. Na zahanati ya chuo ile pale, ng'ambo ya goli."

"Inatembea?"

"Nini, mzee?"

"Hiyo zahanati. Kanuni imesema gari."

Nahodha wa wageni naye akasema wao hawana shida, mpira uchezwe tu. Kamishna akamwambia akae kimya asije akawaponza wenzake. Erasmus alitamani kumtukana mtu, lakini kila aliyestahili tusi siku ile alikuwa bosi wa mtu.

Nusu saa ikaisha. Mwamuzi akapuliza filimbi ya mwisho kwenye mechi ambayo hakuipulizia ya kwanza. Wageni walipeana mikono kwa aibu, wakavaa ndala zao. Lusungu alikaa katikati ya uwanja, jezi yake ikiwa bado na mikunjo ya pasi, akalia bila kujificha.

Kamishna alishapanda bodaboda kuondoka gari lilipoingia, king'ora kinalia. Suhaib akafungua mlango wa nyuma. Matikiti. Yalijaa sakafuni, juu ya viti, mpaka kwenye machela, na ya kwenye machela yalifungwa mkanda yasidondoke. Suhaib, macho chini, akamnyooshea kocha simu.

"Mkuu huyo, anakutaka."

"Erasmus," sauti ya Dokta Anselmo ilikuwa na furaha zake, "nimeona umenipigia, nilikuwa kikaoni. Gari si limefika? Basi vijana walisindikize hapo nyumbani kwangu, wamshushie mama hayo matikiti fasta, halafu muendelee na mpira wenu. Wapo hapo?"

Erasmus akawatazama vijana wake. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na jasho.

"Wapo, mkuu," alisema. "Lakini wamechoka. Wamefungwa tatu bila."

Akamrudishia Suhaib simu, mkuu bado anaongea.