Njaa ya Mzee Kiilu

Mtoto alipopewa jina la marehemu babu yake, Kiilu, bibi yake Kavindu alianza kumwita mume wangu, kama ilivyo desturi, na nyumba nzima pale Zombe ikacheka. "Mume wangu ameamka na njaa," alikuwa akisema, naye Ndila, mama wa mtoto, akimweka kifuani. Maziwa yalikuwepo. Yalilowesha hata blauzi.

Kathini, dada wa kanisani, alikuja kumwona mtoto, amebeba mzani wa kuning'iniza na mikebe ya unga wa maziwa mkobani. Aliomba kwanza, maombi marefu yenye machozi. Kisha akampima mtoto, akafungua kitabu cha kliniki, akalinganisha uzito.

"Amepungua tangu azaliwe, mama Kiilu."

"Nesi alisema wote hupungua kidogo mwanzoni, halafu wanarudi."

"Nesi ana watoto wa kijiji kizima. Wewe una huyu." Akamwambia akamue tone kiganjani. "Ona. Maji matupu. Sikulaumu, dada. Na ukame huu, unakula nini?"

Ndila akajifunika kifua. Kathini akamgeukia mama mkwe, Kavindu.

"Susu, bibi yangu, mzee alikufa na nini?"

Kavindu akainama. Kanisa zima lilijua: koo lilizibika, mzee akaondoka mifupa mitupu, akiomba uji asioweza kuumeza.

"Sasa Mungu amekurudishia," Kathini akasema polepole. "Utamwangalia akilala njaa tena? Ofa ya mikebe hii ni ya leo tu. Kesho naenda Makueni, kuna akina mama wananingoja huko."

"Mama, tungoje Kimeu apige simu," Ndila akasihi. Mumewe alikuwa kibarua mbali, huko Kiboko.

"Na huyo Kimeu nani alimzaa?" Kavindu akafoka. "Leta hiyo mikebe."

Mbuzi waliuzwa jioni hiyo hiyo kulipia mikebe.

"Usichanganye na titi," Kathini akaonya akifunga mkoba. "Tumbo litamchafuka."

Matiti ya Ndila yalijaa, yakawa magumu kama mawe, yakauma hadi akashindwa kulala, kisha yakaanza kulegea. Alijaribu kumnyonyesha mtoto kwa siri nyuma ya jiko. Kavindu akamkuta, akalia kama aliyefiwa upya. Ndila akamwonea huruma, akaacha.

Mikebe ilipokaribia kwisha, simu ya Kathini haikushikwa. Unga ule ulipatikana Kitui mjini, kwa bei ambayo vibarua vya Kimeu havingeimudu. Kavindu akaanza kupunguza unga na kuongeza maji. Nesi alimwambia Ndila amrudishe mtoto kwenye titi kila mara, huenda maziwa yakarudi. Lakini Kiilu alishazoea chupa. Alivuta kidogo, akakosa kitu, akageuza uso na kulia mpaka sauti ikakwaruza. Ndila naye alilia, akijaribu tena.

Adhuhuri moja kilio hakikusikika.

"Umeona? Leo ametulia," Kavindu akasema akitabasamu, chupa ingali mkononi. "Ameshiba."

Ndila alimjua mtoto aliyeshiba anavyolala. Huyu alilegea mikononi mwake kama nguo mbichi, midomo imekauka, utosi umebonyea. Akamfunga kwa leso, akatoka mbio kuelekea zahanati, huku Kavindu akimwita kutoka mlangoni, asikimbie hivyo, atamwamsha mtoto.