Kangaruu wa Neville Aliyejazwa Pamba

Pale Wirrabilla, mji mdogo wa Australia, kila mwenye kamera alifundishwa na Neville Trudgen, apende asipende. Utepe wa buluu wa picha bora ya mnyama kwenye maonyesho ya kilimo ulikuwa kama mali ya babake. Mwaka huu akishinda tena, kikombe cha mshindi, kilichokuwa kikirudishwa kila mwaka, kingekuwa chake kabisa, akazeeke nacho. Alishakitengea rafu juu ya friji.

Ujuzi wake aliutangaza hata kwa watu waliokuja kununua kondoo. Kamera ifumbue jicho na kulifumba upesi kuliko bawa la nzi, mnyama agande hewani. Picha yenye ukungu, alisema, ni ya mtu aliyepiga chafya.

Noeline Baxendale, mpinzani wake, yeye aliiacha kamera ifumbue jicho kwa uvivu, huku akimfuata mnyama nayo sambamba. Uso ulibaki wazi. Miguu na nyasi zikawa michirizi.

"Noeline, mama, hii ni picha au umeimwagia supu?"

"Ni kangaruu anakimbia, Nev. Wako anangoja basi kituoni."

Asubuhi moja kwenye uwanja wa gofu wote wawili walimpiga picha kangaruu yuleyule, mwenye sikio lililochanika, akiruka shimo la mchanga. Ya Neville ilikuwa kali kiasi kwamba hata kiroboto mgongoni alionekana kashtuka.

Siku ya maonyesho jaji kutoka mjini aliisogelea picha ya Neville mpaka pua ikagusa kioo. Alishaambiwa kwamba kuna mwaka mlevi mmoja alileta picha ya kangaruu wa baa, yule aliyekaushwa, akajazwa pamba na kuvalishwa kofia, na tangu hapo wanyama wa pamba ni marufuku.

"Huyu naye ametundikwa kwa waya," jaji akasema. "Hata unyoya haujatikisika. Iteremsheni."

"Yu hai!" Neville akabweka. "Jana tu kala waridi za mke wangu!"

"Waridi hazitoi ushahidi, mzee."

Watu wote aliowahi kuwafundisha wakawa ghafla wanapendezwa sana na maboga ya mashindano. Neville akatazama huku na huku. Ukutani kulikuwa na kitu kimoja tu cha kumwokoa.

"Itazame ile," akanong'ona, akinyoosha kidole kwenye picha ya Noeline. "Sikio ndilo lile. Shimo ndilo lile."

Noeline alikuwa akipaka jamu kwenye skonzi. "Paza sauti, Nev. Wa nyuma hawajasikia. Miguu yake imefanyaje?"

"Ina ukungu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu anakimbia, mwanamke wee! Kila mwenye macho anaona anakimbia!"

Jaji akairudisha picha ya Neville ukutani, akamwomba radhi. Kisha akaenda kuubandika utepe wa buluu kwenye ile ambayo, kwa maneno ya Neville mwenyewe, kila mwenye macho akiitazama anaona mnyama anakimbia.

Kwenye ile rafu juu ya friji, mke wa Neville ameweka kibaniko cha mkate.