Koncheto za Kaka Yake Bibi Zélie

Kabla hakujapambazuka, friji ya jikoni kwa padri wa Chamblaye, milimani Ufaransa, ilikohoa mara moja, ikatetemeka, ikanyamaza. Loïc, fundi wa kurekodi, alikuwa ameichomoa, kwa sababu mvumo wake ulipenya ukutani hadi kanisani na kuingia kwenye maikrofoni. Akaweka funguo za gari lake ndani, kando ya siagi, kama wafanyavyo mafundi wenzake, ili asije akaondoka bila kuiwasha tena na chakula cha watu kikaharibika. Alipogeuka alimkuta Bibi Zélie ameketi karibu na jiko, akamwamkia.

Bibi Zélie alikufa kabla reli haijafika katika milima ile. Alianza kuja Jumatatu, okestra ilipoanza kurekodi koncheto za kaka yake, Aristide Courvoisin. Mama Ginette, anayemtunzia padri nyumba, alimmiminia kahawa ya maziwa kwenye bakuli kama wengine, na mkate wake akautoa ganda, maana meno yalikwisha kumtoka hata kabla hajafa.

"Umelala vizuri, bibi?" aliuliza Mama Ginette.

"Kulala nimelala kupita kiasi, mwanangu. Hebu ongeza siagi."

Aristide ana sanamu yake pale uwanjani. Enzi zake vidole vyake vilikwenda mbio juu ya fidla mpaka mabibi wa Paris wakawa wanazirai. Alipokufa, koncheto zake zilikufa naye. Ni vipande virefu, fidla moja ikiongoza na okestra nzima ikiijibu, na kila kimoja kina sehemu ya polepole katikati. Perrine Jacquot, mpiga fidla, alizipenda tangu alipokuwa mwanafunzi. Alibisha milango mingi akiomba zirekodiwe, akaambiwa hakuna atakayemsikiliza mtu huyo. Hatimaye kampuni moja ya santuri ilikubali, na padri akatoa kanisa mpaka Ijumaa adhuhuri. Baada ya hapo lilitakiwa kupambwa kwa ajili ya harusi.

Na leo ndiyo ilikuwa Ijumaa. Sehemu zote za mbio zilikwisha. Ilibaki ile ya polepole ya koncheto ya mwisho, ambayo kila walipoirekodi iliharibika. Isipopatikana leo, santuri isingetoka.

Wanamuziki walikaa kanisani na makoti yao, pumzi zikitoka kama moshi. Perrine aliinua upinde, wakaanza. Haukupita muda, sauti ya Loïc ikatoka kwenye spika.

"Simameni. Kuna mtu anaimba."

Wote wakatazama benchi la mbele.

"Ni mimi," alisema Bibi Zélie. "Nyie endeleeni."

"Bibi, tunakuomba," alisema Perrine. "Mara hii moja tu."

"Najaribu, mjukuu wangu. Nikifunga mdomo, inatokea puani."

"Mpeni peremende," alisema mpiga selo, ile fidla kubwa ya kushika katikati ya magoti.

Wakampa. Wakaanza tena. Sasa Bibi Zélie aliimba huku peremende ikigonga ufizi.

"Ndiyo imezidi," alisema Loïc.

Perrine akaweka fidla chini, akaja kukaa naye. Saa ya kanisa ilikuwa inakimbia, lakini hakumharakisha.

"Mbona kwenye zile za mbio huimbi, bibi? Jana ulikoroma."

"Zile ni za Aristide. Zinanichosha. Kama mtu anayekimbia mvua. Hizi za polepole ni zangu. Nilimwandikia yeye akiwa amelala mchana."

"Zote?"

"Zote. Yeye polepole hakuiweza, maskini. Hata supu aliinywa mbio."

Mzee mmoja wa nyuma alitikisa kichwa, akasema, "Ndiyo maana," akaendelea kupaka upinde wake utomvu.

"Na jina lako?" aliuliza Perrine.

"Juu ya karatasi palikuwa na nafasi ya jina moja."

Perrine akaiokota fidla yake. Kisha akauliza, "Tunaipiga kama ulivyotaka?"

"Mnaharakisha. Huu ni wimbo wa mwanamke anayeanua nguo kambani. Mvua anaiona, lakini bado iko ng'ambo ya mlima. Anazikunja moja moja."

"Loïc," aliita Perrine, "tunarekodi."

"Na akiimba?"

"Aimbe."

Mama Ginette akaja kuketi kando ya bibi. Mkono wa bibi ulikuwa baridi kama jiwe la maji ya baraka, akauchukua na kuufunika kwa aproni yake. Wakapiga polepole, na Bibi Zélie akaimba. Kanisa likapata joto, pumzi zikaacha kuonekana, na maua ya harusi yaliyokuwa kwenye ndoo mlangoni, ambayo yalikuja yamefumba, yakafumbuka yote. Wapambaji walipofika walinung'unika kwamba yamewahi kuchanua, lakini harusi ilinukia vizuri.

Walipomaliza, wapiga fidla waligonga vishikio vya karatasi kwa pinde zao, wakimpigia makofi bibi kwa namna yao. Kisha Loïc akaomba watu watulie arekodi ukimya wa kanisa, maana hutumika kuunganishia vipande. Katika hilo Bibi Zélie hakukosea. Alikuwa na mazoezi kuliko wote.

Kampuni iliagiza sauti ya bibi iondolewe. Loïc alijaribu. Kila alipoitoa, fidla zote ziliondoka nayo, likabaki benchi likilia. Akairudisha, wakaiacha. Kuhusu jina la bibi, Perrine aliipigia kampuni simu. Mama aliyepokea alizungumza kwa upole. Majalada yalikwisha kuchapwa, alisema, na vitabuni kote jina ni Aristide.

Santuri ilitoka majira ya kuchipua na watu waliipenda sana, hasa sehemu za polepole. Meya akaiwekea shada sanamu ya Aristide na kuhutubia.

Siku hiyo hiyo Perrine na Mama Ginette walipeleka santuri moja makaburini nyuma ya kanisa, pamoja na kipande cha jibini. Bibi Zélie alikuwa ukutani anaota jua. Akaitazama picha ya Aristide kwenye jalada.

"Kapendeza. Pua wamempunguzia."

"Niliwaambia, bibi," alisema Perrine. "Hawakukubali."

"Najua. Nilikusikia ukigomba kwenye simu. Hata majirani zangu walisikia, wakasema huyo mtoto ana kifua." Akampapasa shavu. Kisha akaitoa santuri, akainusa, akaiweka sikioni. "Mbona haisemi?"

"Inataka mashine yake, bibi."

"Na mashine iko wapi?"

Perrine akamtazama Mama Ginette, naye Mama Ginette akatazama jibini.

"Basi leo mmenipitia tu, hamjanitembelea," alisema Bibi Zélie, akiwasogezea nafasi ukutani wakae. "Jumapili mje tena, mje nayo. Majirani nimeshawaalika."