Nailoni ya Msingi

Rangi ya tatu mwaka huu ilikuwa imeanza kubambuka, na Pima alikuwa amepiga magoti akiikwangua kwa mwiko, akiomba moyoni mkaguzi wa majengo achelewe. Ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa umelowa hadi usawa wa goti. Chini ya rangi kulikuwa na ukungu mweusi ambao harufu yake aliinusa tangu mlangoni. Mafundi wenzake walimbandika jina la Pima kwa sababu haweki tofali bila kulipima kwa timazi, na kweli kuta zake zilinyooka. Ubaya wa nyumba hii haukuwa wa kupinda.

Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mstaafu. Aliijenga kwa kiinua mgongo chake, kwa ramani aliyoihangaikia mwaka mzima: madirisha yatazamane ili upepo upite, paa litokeze mbele likinge jua, dari iwekwe pamba ya kuzuia joto. Bei ya umeme ilipopanda, mtaa mzima ulilia, yeye hakuwa hata na feni. Mchana hakuwasha taa. Kila aliyetaka kujenga alimwelekeza kwa Pima, tena kwa sifa ambazo zilimfanya Pima atazame viatu vyake.

Kisha unyevu ukapanda. Mume wa mwalimu alianza kubanwa kifua, na sasa alilala ameketi, ameegemea mito. Mwalimu alikuwa amekwisha kujihukumu. Miezi miwili hakupiga deki. Nguo hakuanika ndani hata mvua iliponyesha, na mzee wa watu aligombezwa kwa kunawa uso akirusha maji.

"Labda ni mimi, mwanangu," alimwambia Pima asubuhi hiyo akimpa chai. "Nimezoea maji mengi."

Pima aliinywa ikiwa ya moto vilevile, apate sababu ya kutojibu.

Alijua fika unyevu ulikotoka. Ramani ilitaka nailoni nzito itandazwe juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza, ili maji ya ardhini yasipande ukutani. Bunda la nailoni lililetwa. Lakini ilikuwa wiki ya mvua kubwa, na chumba alichopanga Pima kilivuja hadi wanawe wakalala wameketi, kama anavyolala mzee huyu leo. Mkandarasi aliyemwajiri alikuwa anakimbizana na tarehe, hakuuliza kitu. Pima akalibeba bunda begani hadi kwake. Kwenye mstari wa kwanza wa tofali akazidisha saruji, akajiambia udongo wenyewe mkavu, itatosha. Fundi wa miaka ishirini, akajidanganya kama mwanagenzi. Mkaguzi alikuja kesho yake akagonga muhuri bila kushuka garini.

Leo alishuka. Mwalimu alikuwa amepeleka malalamiko, maana kosa likiwa la ujenzi, mkandarasi hulazimishwa kurekebisha. Mkaguzi aliugusa ukuta kwa kidole kimoja, akakifuta kwa leso, akatoa fomu. Kwenye nafasi ya sababu palikuwa pameshaandikwa: unyevu wa matumizi, yaani maji ya wenye nyumba wenyewe. Ilibaki sahihi ya fundi.

"Weka tu sahihi," mwalimu akasema kwa upole. "Wewe umenijengea vizuri. Makosa ni yangu."

Laiti angemtukana. Pima alishika kalamu, nafsi ikimsuta. Akakata maneno yaliyokuwapo, akaandika pembeni, kisha akasoma kwa sauti, maana aliogopa akinyamaza hataweza tena.

"Nailoni ya msingi haikuwekwa. Niliichukua mimi."

Mwalimu alikaa kitandani taratibu. Kutoka barazani mzee alisikika akikohoa.

"Ukaipeleka wapi?"

"Juu ya bati langu, mwalimu. Palikuwa panavuja."

"Watoto wanalala pakavu?"

"Ndiyo."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizia habari za safari akajibiwa. Pima hakuwahi kuona aibu kama ile. Angeambiwa arudishe nailoni saa ileile, angeirudisha mbio, na wanawe wangelowa tena, na bado ukuta huu usingekauka.

Mkaguzi aliichukua fomu, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Alieleza bila hasira kwamba cheti chake kinasema nailoni ipo. Kama haipo, basi nyumba haina kibali, na mwenye nyumba ndiye atakayeamriwa kuhama. Mama asilitake hilo. Akatoa fomu nyingine, akaandika sababu ileile, na penye sahihi ya fundi akajaza: hakupatikana.

"Huyu hapa amesimama," mwalimu akasema.

"Mimi namwona, mama. Ila fomu ndiyo itakayokwenda ofisini."

Gari lilipoondoka, Pima alisema ukuta unaweza kukatwa chini, kidogo kidogo, kwa tindo, kipande cha hatua moja, nailoni ipenyezwe, saruji ikauke, ndipo akate kingine. Angekuja kila Jumapili. Nailoni angenunua mwenyewe. Nyumba nzima ingechukua mwaka, pengine zaidi, na kifua cha mzee hakuna aliyekijua kingengoja mpaka lini.

Mwalimu aliinuka akaanza kukivuta kitanda mbali na ukuta, peke yake. Kilikuwa kizito. Pima akainama akashika upande wa pili, naye hakumkataza.