Okidi ya Mbombo

Georges alitoka Likasi alfajiri kwa miguu, akashika njia ya Kambove. Alikuwa akitafuta ua moja tu: okidi nyeupe yenye ndevu za kijani. Katika miaka kumi na miwili ya kutembea Jumapili na mkewe Mbombo, waliiona mara mbili. Kesho treni ya Kasai ingepita, na kondakta alikubali kubeba bahasha.

Mbombo aliondoka na treni hiyo mwaka 1993, pamoja na ndugu zake waliofukuzwa kwenda Kasai kwa sababu ya kabila lao. Georges aliahidi kumfuata baada ya mwezi, akishalipwa mshahara. Mshahara haukuja, naye hakwenda. Miaka mitatu sasa. Aliandika barua nne za kuomba msamaha. Hakuna hata moja iliyojibiwa. Maneno yalikuwa yamemwishia. Lakini ua lile Mbombo angelitambua.

Alipekua dembo la kwanza, bonde la nyasi lenye majimaji, akapekua la pili, maji yakamfika magotini. Kote alikuta mashimo mabichi. Siku hizi nusu ya mji ilichimba kikanda, viazi vya okidi vinavyotwangwa na karanga hadi viwe mkate. Georges mwenyewe alikuwa amekula juzi, peke yake, amesimama jikoni.

Katika dembo la tatu aliliona lile ua. Mama mmoja alikuwa amechuchumaa kando yake, kijembe mkononi.

"Usichimbe!"

"Jina yangu Clémentine, hapana Usichimbe," mama akajibu bila kugeuka. "Nilisimika kijiti, unaona? Mwenye kijiti njo mwenye kikanda."

"Nataka ua tu, mama. La mke wangu. Yuko mbali."

Clémentine akavitazama viatu vya Georges vilivyopasuka, akaangua kicheko. "Na hii njala yote, papa, weye uko natafuta maua! Bon. Kamata ya yulu, minye nitakamata ya chini. Hatutapigana."

Georges akalikata, akalilaza ndani ya daftari. Clémentine akachimba. Vikatoka viazi viwili, kimoja kinene, kingine kimesinyaa. Kinene akakitia kikapuni. Kilichosinyaa akakirudisha shimoni, akakifukia, akapapasa udongo taratibu kama anayelaza mtoto.

"Hii tunaachaka. Iko mutoto. Mwaka ingine utakuya kukamata ingine ya bibi yako."

Georges akafungua kinywa. Alikuwa amekuza okidi kwenye makopo ya maziwa dirishani, akajua jinsi zinavyoishi. Kiazi kilichosinyaa ni cha mwaka uliopita, kimeshamaliza kazi yake. Kile kinene ndicho kingechanua mwakani. Mtu pekee aliyewahi kumsikiliza akieleza mambo hayo alikuwa huko Kasai.

Akatazama kikapu. Viazi havikufunika hata kitako chake.

"Sivyo, papa?"

"Ndiyo, mama," akasema. "Nitakuja."

Akashika njia ya mjini, daftari amelibeba kwa mikono miwili.