Soksi ya Mpira wa Kupumulia

Mume wa Mama Pindo alikuwa mwoka mikate, na mwoka mikate hulala wakati wenye akili zao wako macho. Watu walimwita Chachu, kwa sababu ya kazi yake na pia kwa sababu ya tumbo lake, ambalo lilikuwa limeumuka zamani na halikuonyesha dalili ya kushuka. Alirudi nyumbani asubuhi akiwa na unga mpaka masikioni, akanywa chai, akatania kidogo, kisha akaingia chumbani kulala. Mama Pindo alibaki sebuleni na cherehani yake, akishona nguo za watu huku sikio moja liko ukutani.

Sikio hilo halikuwa la umbea. Kaka yake Chachu alikufa usingizini. Alikuwa mkoromaji hodari, watu wakimcheka kwamba usiku kucha anapasua mbao, mpaka siku moja kulikucha na mbao hazikusikika tena. Matanga yalipokwisha, Mama Pindo alimkokota mumewe kliniki, naye akienda huku anabisha njia nzima. Huko waliambiwa kwamba yeye pia akilala koo linajifunga, pumzi inakatika, mwili unashtuka, pumzi inarudi, halafu mchezo unaanza upya, na mwenyewe hana habari. Wakapewa mashine: kisanduku cha kusukuma hewa, tangi dogo la maji la kuilainisha hewa hiyo isikaushe koo, mpira mrefu wenye mikunjo, na barakoa ya kufunika pua na mdomo. Siku ya kwanza Mama Pindo alipousikia mvumo wa kisanduku kile kupitia ukutani, bila kukoroma, bila kukatika, aliweka mkasi chini akalia kwa furaha. Tangu hapo, mvumo ukiwepo anashona. Ukinyamaza, mguu unaganda kwenye pedeli.

Tatizo likawa maji.

Mchana chumba kile kilichemka kama tanuri, na mtu aliyetoka kwenye tanuri la kweli hawezi kulala kwenye la pili. Chachu alifunga kiyoyozi juu ya dirisha, akakielekeza kitandani moja kwa moja. Basi hewa ya vuguvugu ikitoka kwenye tangi na unyevu wake, inapita ndani ya mpira uliopigwa na baridi, inageuka matone. Matone yanateremka, yanakusanyika pale mpira unapojipinda, na mpira unaanza kugugumia kama mtu anayesukutua. Chachu akigeuka tu, dimbwi lote linamfuata puani.

"Mke wangu, mimi naoga nimelala!" alisema siku moja, akitokea mlangoni na barakoa mkononi, masharubu yanachuruzika. "Kesho nitaingia kitandani na sabuni."

Mama Pindo hakucheka. Alichoona yeye ni mtu anayetafuta sababu ya kuiacha mashine. Alimpigia simu mtaalamu wa kliniki, kijana mpole ambaye hakuwahi kuonyesha kwamba amechoka na maswali, naye akamweleza polepole. Kisanduku kiwekwe chini kuliko kitanda, ili maji yakiwepo yarudi tangini badala ya kumfuata mtu usoni. Unyevu upunguzwe kidogo kwenye kitufe chake. Kiyoyozi kigeuziwe ukuta wa pili. Mtu akiamka, maji yamwagwe na mpira uning'inizwe ukauke.

"Na mpira wenyewe uvalisheni kitu usipigwe na baridi," alisema. "Wengine wanaushonea soksi ya kitambaa. Mpira tu lakini, mama."

"Mpira tu. Nimekusikia."

Alimsikia, ndiyo. Lakini neno kushona lilikuwa limeshamwingia, na likishaingia hilo, mengine yote hukaa foleni nje.

Alishona soksi ile kama anashona koti la harusi. Ndani aliweka flana laini, nje kitambaa cha koti la mvua kisichopitisha upepo, akazungushia pindo maradufu. Wifi yake, dada wa Chachu, alipita kuchukua sketi yake akamkuta katikati ya kazi.

"Wifi, hata mpira wa hospitali unaushonea gauni?"

"Baridi haina adabu, wifi. Inapita popote."

"Haya. Ukimaliza uutie na marinda."

Kazi ilipokamilika aliuvisha mpira, ukakaa sawasawa, akawasha mashine kuujaribu, barakoa ameibana pajani. Angeishia hapo, hadithi hii isingekuwepo. Lakini mwanamke huyu hakupewa jina la Mama Pindo bure. Alikuwa mtu wa kukusimamisha barabarani akuonyeshe uzi uliochomoza kwenye shati lako. Sasa alipopitisha mkono mwishoni mwa soksi, pale mpira unapoungana na barakoa, alihisi upepo. Mwembamba, wa baridi, unatoka kwa kuzomea: ssss. Aliweka kidole, ukaacha. Akaondoa, ukaanza.

Kumbe hapa ndipo panapovuja, alijiambia. Hewa inayolipiwa jasho na kisanduku inapotea, baridi inaingia, na maji yanapata njia. Huko kliniki wanatoa vitu vimetoboka na wala hawaoni haya. Kwa fundi cherehani, tundu lolote ambalo halikutobolewa kwa ajili ya kifungo ni uchakavu, na uchakavu unazibwa. Akaongeza kipande cha koti la mvua, akakiviringisha kwenye shingo ya barakoa, akakishona kwa mkono, mishono midogo midogo, uzi umebanwa. Akasikiliza. Kimya. Akafurahi kwa roho yake yote.

Chachu aliamka siku hiyo mkavu. Hakuna tone hata moja. Alimbusu mkewe shavuni, akasema amempiku hata mtengenezaji wa mashine, na Mama Pindo akatembea siku nzima kichwa juu.

Kisha yakaanza mambo mengine.

Chachu alianza kuamka na kichwa kinachogonga. Alikaa ukingoni mwa kitanda, ameshika paji, akiangalia viatu vyake kama havijui. Utani ukapungua. Chai ilipoa mbele yake. "Napumua kama nimejifunika blanketi," alisema mara ya kwanza. Mama Pindo akamwambia ni uchovu. Akalisema tena siku nyingine, na mkewe akamwambia anywe maji. Aliposema mara ya tatu, Mama Pindo alimgeukia na pini mdomoni.

"Unadeka. Mpira mkavu, hewa haivuji, bado tu unalalamika. Kaka yako hakupata hata nafasi ya kulalamika."

Ilikuwa kauli ya kumkata mtu maini, na aliijua wakati inatoka. Ila hofu humfanya mtu awe mkali kwa yule yule anayemhofia, na yeye aliogopa kweli. Chachu akaingia chumbani. Akaivaa barakoa, akalala, na mvumo ukaendelea kimya kimya upande wa pili wa ukuta, bila ule mzomeo, na Mama Pindo akaendelea kushona akidhani ukimya ule ni afya.

Huko kazini, mikate ilitoka bila chumvi. Wateja wakairudisha. Halafu siku moja Chachu alisinzia amesimama, mbele ya mlango wa tanuri ulio wazi, na mkono wake ukaegemea chuma. Alirudi nyumbani amefungwa bandeji kuanzia kiganja mpaka karibu na kiwiko. Msimamizi wake, mtu waliyefanya naye kazi miaka mingi, alikuwa amemwondoa kwenye moto na kumpeleka kufungasha mikate na wasichana.

"Amesema ni kwa usalama wangu," Chachu alisema. "Ameniambia kwa upole, kama unavyomwambia mzee. Afadhali angenitukana."

Mama Pindo alimfungua bandeji, akaona ngozi ilivyobabuka, akaifunga upya. Ugonjwa umezidi, aliwaza. Koo linajifunga hata na mashine. Ndivyo wanavyokwenda, familia ile.

"Nenda kalale," alisema. "Uivae vizuri leo. Kaza mikanda."

"Leo sivai."

"Utavaa."

"Sivai. Nilikuwa sina bandeji kabla ya mashine hii. Nilikuwa nakoroma, sawa, lakini nilikuwa mwoka mikate."

"Unataka nikukute umekauka kama kaka yako? Ndicho unachotaka? Nije hapa na kikombe cha chai nikukute hivyo?"

Hakuwahi kumpigia kelele namna ile. Chachu alimtazama kwa macho mekundu, akachukua mto kitandani, akarudi nao sebuleni na kuutupa kwenye kochi.

"Ukiipenda sana," alisema, "vaa wewe."

Akajilaza na viatu vyake. Haikuchukua muda, akaanza kukoroma.

Mama Pindo alisimama chumbani peke yake. Hasira ilikuwa bado inampanda, na ilikuwa hasira iliyochanganyika na kiburi, maana ule mpira uliolala kitandani ulikuwa kazi yake na ulitukanwa. Vaa wewe. Haya, navaa. Atamwonyesha mtu mzima anayeogopa upepo. Alilala mahali pa mumewe, akajifunga barakoa, akakaza mikanda, akabonyeza kitufe.

Mwanzoni ilikuwa raha. Hewa ilikuja vuguvugu, safi, bila tone. Alinyoosha miguu. Unaona? Unaona ulivyo mwongo? Alifumba macho akavuta pumzi, akaitoa.

Akavuta tena, na alichovuta kilikuwa na joto la kinywa chake mwenyewe. Harufu ya chai aliyokunywa. Akatoa, akavuta, na ile ile ikarudi, nzito zaidi. Kisanduku kilisukuma kwa bidii, hewa ilikuwepo tele, ilimjaa mpaka mashavuni, lakini kifua kiliomba nyingine. Akavuta kwa nguvu. Moyo ukaanza kwenda mbio. Alijiambia avumilie kidogo, mbona mumewe anavumilia mchana kutwa, na wazo hilo ndilo lililomtoa jasho. Mchana kutwa. Blanketi. Alikuwa amesema blanketi.

Aliivua kwa mikono miwili, akakaa akihema, paji linagonga.

Hakwenda mbali kutafuta. Mikono yake ilijua pa kwenda kabla yake. Alichukua wembe wa kufumulia, akakata uzi ule uliobanwa, mshono mmoja baada ya mwingine, na kipande cha koti la mvua kikafunguka kikiwa na unyevu na joto kwa ndani. Chini yake, kwenye shingo ya barakoa, palikuwa na vitundu. Havikuwa vimetoboka kwa uchakavu. Vilikuwa vidogo, vyote sawa, vimepangwa kwa duara, kazi safi ya mtu aliyekusudia. Akawasha mashine. Ssss. Hewa iliyokwisha kutumika ilikuwa inatoka nje, kama ilivyotakiwa kutoka tangu siku ya kwanza.

Sebuleni mkoromo ulikatika.

Alikimbia na barakoa mkononi, imechomoka mpirani. Chachu alikuwa chali, mdomo wazi, kifua kimesimama, mkono wa bandeji umening'inia. Mama Pindo alimshika mabega akamtikisa mpaka pumzi ikaingia kwa kelele na macho yakafunguka.

"Nini tena? Nimesema sivai."

"Ni mimi," alisema. Alikuwa amepiga magoti, barakoa mkononi, hajui aanzie wapi. "Siyo mashine. Ni mimi. Hapa pana matundu ya kutolea pumzi, nimeyaziba mimi. Nilidhani panavuja. Kijana alisema mpira tu, nikashona mpaka hapa. Umekuwa unavuta hewa yako mwenyewe, siku zote hizi, na mimi nimekaa hapo nashona nakusikiliza."

Chachu alikaa polepole. Alichukua barakoa, akapitisha kidole gumba juu ya vitundu, akarudia.

"Kwa hiyo sikuwa nadeka."

"Hukuwa unadeka."

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

Mama Pindo alingoja ampigie kelele. Aliitaka kelele hiyo, aliiombea moyoni, maana angeijibu kwa kulia na mambo yangepita. Au aseme utani, hata ule mbaya wa tumbo lake. Chachu aliangalia mkono wake uliofungwa, akaugeuza, akaurudisha pajani.

"Basi nitalala sasa," alisema.

Mama Pindo alitangulia chumbani. Alitandika shuka upya, akakishusha kisanduku chini, akaunganisha mpira na soksi yake, ambayo sasa iliishia pale ilipopaswa kuishia. Mumewe alipojilaza, alimwinamia na barakoa ili amvishe.

Chachu aliipokea kutoka mkononi mwake. Kwa upole, hakuinyakua. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaweka kiganja mbele ya vitundu, akasubiri mpaka aridhike kwamba upepo unatoka. Kisha akaanza kupapasa soksi, kutoka shingoni mwa barakoa hadi kwenye kisanduku, mshono wote, kipande kwa kipande, kama anayekagua mzigo wa mtu asiyemfahamu. Mkewe alisimama kando mpaka alipomaliza.

"Asante, mke wangu," alisema, akajivisha mwenyewe, akageukia ukutani.

Mama Pindo alitoka kwa vidole vya miguu. Alikuwa ameshika kitasa, anavuta mlango taratibu ili cherehani isimsumbue, sauti ya Chachu ilipokuja kutoka ndani ya barakoa, ya chini, ya kuomba.

"Mlango usiufunge."

Aliuachia. Alibaki hapo kizingitini, akausikiliza mzomeo ule, na akaelewa kwamba mume wake anaiogopa mikono yake.