Picha Thelathini na Nane

Mkanda wa kamera ulitoka mtupu. Mzee Giza aliuinua mbele ya balbu, akaupitisha vidoleni toka mwanzo hadi mwisho, akarudia tena kama asiyeyaamini macho yake, kisha akautundika kwenye kamba na kufuta mikono.

“Mwanangu,” akasema, “huu haukuona mwanga hata siku moja.”

Jina la Mzee Giza alipewa na watu, maana kwa miaka hamsini alisafisha picha katika chumba kisicho na dirisha, na sasa mjini hapo alibaki yeye tu mwenye kuijua kazi hiyo. Aliyeambiwa alikuwa fundi cherehani, mtu mzima wa miaka arobaini, mwenye mke na watoto, lakini aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kama mtoto aliyevunja mtungi. Kamera haikuwa yake. Ilikuwa ya marehemu baba yake, mpiga picha, aliyemfundisha yote ya kamera hiyo na kila mara akamalizia kwa onyo lilelile: ukivuta mkanda, tazama kidude cha kushoto, kisipozunguka, unapiga hewa.

Fundi hakukitazama. Asubuhi ya safari basi lilikuwa linaunguruma na kondakta anagonga bati, naye akaupachika mkanda mbiombio, akafunga mgongo wa kamera, akakimbia. Ncha ya mkanda haikushika. Kuanzia hapo ikawa sawasawa na cherehani iliyoishiwa uzi wa chini: sindano inacheza, kitambaa kinapita, mshono hakuna. Tena ishara aliipata. Mkanda ulikuwa wa picha thelathini na sita, yeye akapiga hadi thelathini na nane, akajiona ana bahati kuliko wenzake. Majuto ni mjukuu.

Safari yenyewe ilikuwa kwa ajili ya mama yake. Mama alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikwisha kuzima, na la kulia daktari alisema limebakiwa na miezi michache tu. Miguu nayo ilikataa safari ndefu. Hakuomba mengi. Aliomba, kabla giza halijamfunika, auone tena mji walioishi yeye na mumewe ndoa yao ilipokuwa changa: nyumba ya chumba kimoja, kisima, soko, shule alikokuwa mpishi. Na kuliko vyote aone kaburi la mtoto wake wa kwanza, binti aliyeishi siku arobaini na moja. Simu ya fundi ilikuwa ya vitufe, na mama mwenyewe alikwishasema vioo vya simu vinamchoma macho. Alitaka picha ya karatasi, kubwa, ya kusogeza dirishani.

Walipomzika yule binti walihama, na mama hakurudi tena huko. Kila alipomtaja, mumewe aliinuka kitini. Yaliyopita si ndwele, alisema, tugange yajayo. Basi mama akanyamaza, na ukimya ule ukakaa nao mezani miaka yote, hadi mume akafa, miaka minne iliyopita. Mume mwenyewe, enzi za uhai wake, hakukosa safari. Kila mwezi wa sita alibeba begi la kamera akaenda kupiga picha za shule za mbali, wiki nzima. Ndani ya begi alikuwa na mundu mdogo uliolika, ambao mama aliulalamikia sana kwamba utakwaruza lenzi. Wa kufyeka nyasi zinazoziba picha, alijibu, na mundu ukabaki humohumo hata baada ya yeye kufa.

Fundi alizunguka ule mji siku tatu. Kila alipobonyeza aliandika katika daftari namba ya picha na kilichomo, kama baba yake alivyokuwa akifanya, kwa sababu picha ya mkanda huioni mpaka isafishwe. Kaburi lilikuwa namba kumi na saba. Mwanamke mmoja mwenye shamba jirani ndiye aliyemwonyesha, na walipokuwa wamesimama pale akamwambia neno. Fundi akaliandika chini ya namba ile, akaapa moyoni kwamba hilo halitamfikia mama. Siri ya marehemu ilikuwa ya marehemu.

Aliporudi, Mzee Giza hakuwa na dawa za kusafishia. Zilichukua wiki tatu kufika. Ndani ya wiki hizo jicho la kulia nalo likaaga, akabaki mama anajua tu dirisha liko wapi na mtu amepita.

Sasa Mzee Giza alifungua kabati, akatoa bahasha nene ya picha zilizokosa wenyewe. Humo mlikuwa na nyumba, visima, masoko, hata makaburi. Alizungumza kwa upole, kama anayempa mtu dawa chungu. Mama anaona vivuli tu, alisema. Mpelekee hizi, moyo wake upumzike, nani atadhurika? Fundi akaichukua bahasha, na njia nzima akawa anazipanga kichwani, hii itakuwa nyumba, hii shule.

Mama alikuwa amekwishanawa mikono. Alikaa dirishani kwenye kiti cha marehemu, amevaa gauni aliloshonewa na mwanawe, mikono imelala magotini. Fundi akampa picha ya kwanza na kumwambia ni nyumba yao. Akaisogeza usoni, akaigeuzia mwanga, akaigeuza tena. Halafu akainusa. Fundi alisahau kwamba mwanamke huyu alianika picha za mumewe karibu miaka arobaini.

“Hii ina vumbi,” mama akasema. “Picha iliyosafishwa juzi inanuka dawa.” Akaiweka mezani taratibu. “Mkanda haukushika, sivyo?”

Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ilikuwa toka mlangoni hadi dirishani. Fundi alipiga magoti akaungama yote: haraka ya basi, kidude cha kushoto, Mzee Giza na bahasha yake. Aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni. Mama akampapasa kichwa. Akamwambia baba yake naye yalimpata hayo, tena kwenye harusi ya watu, na wenye harusi walimtafuta siku tatu.

“Inuka, baba,” akasema. “Daftari si unalo? Nisomee.”

Akasoma. Moja, nyumba, mlango umepakwa rangi ya kijani. Mbili, dirisha la jikoni, lina wavu mpya. Mama akawa anamkatiza, anauliza mwembe uko upande gani, anamrekebisha, mara moja akacheka alipoambiwa kisima kimewekewa kufuli. Shule ilikuwa namba kumi na tano na kumi na sita. Fundi akafungua ukurasa unaofuata.

“Kumi na saba. Kaburi. Mawe manane kulizunguka, yote yamesimama. Jua liko nyuma yangu. Nyasi zimefyekwa.”

Mama akainua mkono. “Zimefyekwa na nani?”

Picha isingeulizwa swali hilo. Fundi alilitazama lile neno alilokula kiapo kulificha, akamtazama mama yake anayesubiri na uso umeelekea pasipo na kitu. Kwa siku ile uongo mmoja ulimtosha.

“Na mwenye shamba jirani, miaka hii minne,” akasoma. “Kabla ya hapo alikuwa akija mwanamume mwenye begi la kamera, kila mwaka, mwezi wa sita. Anafyeka mwenyewe, anasimamisha mawe yaliyolala, anakaa mpaka jua linageuka. Hakupiga picha hata moja.”

Nje mtu alipita na baiskeli, kengele ikalia, ikapotea.

“Picha za shule,” mama akasema mwishowe.

Akaomba mundu. Fundi akautoa begini na kumwekea kiganjani kwa upande wa mpini. Mama akapitisha kidole gumba kwenye makali, akafika katikati, pale chuma kilipolika hadi kikawa chembamba kama ukucha. Akakiacha kidole hapo.

“Nilimwita mtu asiye na moyo,” akasema. “Mbele ya ndugu zake nilimwita hivyo, naye akanyamaza.”

Machozi yalimtoka macho yote mawili, hata lile lililozima zamani. Fundi akataka kuufunga ukurasa, mama akausikia.

“Usifunge. Soma tena hiyo ya kumi na saba.”

Fundi akafuta uso kwa mkono wa shati, akasoma tena toka mawe manane.